Anaitwa Nani Vile?

Dakika ya 41, mpwa wangu aliisimamisha filamu akaenda kutafuta chaja. Aliporudi alijitupa kwenye kochi, akavuta shuka hadi kidevuni, na kabla hajabonyeza kitufe akanigeukia.

"Shangazi, hivi huyu msichana anaitwa nani vile?"

Nikafungua mdomo nimjibu.

Nikaufunga.

Kwenye skrini uso wa msichana ulikuwa umeganda, jicho moja limefumba nusu, mdomo uko njiani kuelekea tabasamu. Tulikuwa naye kwa dakika 41. Tulishamwona akihamia shule mpya, akigongana na kijana kwenye korido, vitabu vikamwagika (naam, vitabu vilimwagika, na naam, wakainama wote wawili kwa pamoja kuviokota). Tulijua mkoba wake ni wa manjano. Tulijua analala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, na kwamba huamka nywele zimeshachanwa. Jina hatukuwa nalo.

"Linaanza na L," nikasema.

"Hapana, huyo ni rafiki yake."

"Rafiki yupi tena?"

Tulicheka hadi chaja ikachomoka ukutani. Kisha akabonyeza, filamu ikaendelea, tukaitazama mpaka majina ya wahusika wote yakaanza kupanda kwenye skrini, nasi hatuyasomi, tunagombania chaja.

Ni wiki sita sasa. Filamu ilinitoka kichwani ndani ya siku mbili. Swali la mpwa wangu halijatoka.

## Umeshaiona

Siitaji filamu yenyewe kwa jina, na hupungukiwi kitu, maana umeshaiona. Kama si hiyo, basi pacha wake. Yuko msichana mgeni, mpole. Yuko kijana mwenye kidonda moyoni asichotaka kiguswe. Yuko rafiki mcheshi, na yuko msichana mwenye nywele nzuri ambaye kazi yake ni kuwa mbaya. Kuna kutoelewana ambako sentensi moja tu ingekumaliza, na sentensi hiyo inaahirishwa kwa dakika 25. Kuna mvua.

Sizionei haya filamu hizi. Nimezitazama tangu nikiwa na umri wa mpwa wangu, miaka 16, na nitaendelea kuzitazama. Anayekaa mbele ya muvi ya mapenzi ya vijana hakai ili abahatishe mwisho. Anajua stelingi atampata ampendaye kama anavyojua kesho kutakucha. Utamu uko njiani. Kwa hiyo mtu asinijibu kwamba nimechoshwa na mwisho unaotabirika. Mwisho ule niliusubiri kwa hamu, mto nimeukumbatia.

Ulipofika, sikujua ni akina nani waliokuwa wakibusiana.

## Wanachekea nini?

Kati ya dakika ya 33 na ya 36 hawa wawili wanapendana. Sisemi kwamba hapo ndipo tunapogundua kuwa wanapendana. Nasema kazi yote inafanyika hapo. Wimbo unaanza, na wimbo ukiendelea wanatembea ufukweni, wanarushiana maji, kijana anamfundisha msichana gitaa kwa kumpanga vidole kimoja kimoja, wanalala chali kwenye nyasi wakionyeshana mawingu. Wanacheka mno. Sauti zao hatuzisikii, wimbo umezifunika.

Wiki iliyofuata nilikirudia kipande hicho nikiwa peke yangu. Nilijiambia nakwenda kusoma midomo tu. Nilikirudisha nyuma mara nne. Nadhani waigizaji wale waliambiwa wacheke, wakacheka. Hakuna aliyewaandikia cha kuchekea.

Huenda unaona nakuza kidogo kuwa kikubwa. Ila hebu fikiri: kumchekesha mtu unayempenda si kazi ya kubahatisha. Lazima ujue anaona haya ya nini, anajidai kwa lipi, jana alisema nini ambacho leo unaweza kumrudishia kikiwa kimegeuzwa. Utani wa wapendanao ukiusikia ukiwa nje mara nyingi hata hauchekeshi, lakini papo hapo unajua kwamba watu hawa wamesikilizana. Mwandishi akikuficha utani wao, amekuficha mapenzi yenyewe, akakuachia meno.

Nikaanza kuandika kwenye karatasi yote ninayoyajua kumhusu msichana. Anapenda kusoma. Anasoma nini? Kitabu kiko mkononi mara tatu na jalada limegeukia kwake mara zote tatu. Anataka kuwa mwandishi. Analisema hilo mara moja na haandiki popote. Ana mama. Mama ana wasiwasi. Basi.

Kijana anapiga gitaa, ana pikipiki, na mama yake alifariki.

Hapo kwenye mama wa kijana nilikwama siku kadhaa. Siri hiyo inatoka dakika ya 70, ndani ya gari, nje giza, na imeigizwa vizuri. Mpwa wangu alifuta machozi kwa pindo la shuka, nami koo lilinikaba. Ni baadaye nilipojiuliza kijana huyu anafanya nini tofauti baada ya siri kutoka. Hakuna. Anaegemea ukuta uleule kwa bega lilelile. Waandishi walichukua jambo lililompata wakaliweka mahali pa tabia yake, wakadhani tumepewa mtu. Vijana waliofiwa na mama ni wengi. Mmoja atageuka mkorofi, mwingine atakuwa mwangalifu hadi kero, wa tatu ataanza kupanga viatu mlangoni kila usiku kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akivipanga. Msiba ni mmoja. Mimi nilitaka kumjua huyo wa viatu.

## Amempendea nini?

Kwenye fasihi tulikariri maneno mawili kama watu wanaokariri jedwali: mhusika bapa, mhusika duara. Bapa ana sifa moja, habadiliki. Duara ana pande nyingi, anabadilika. Mtihani ukija unayaandika hivyo, unapata alama zako, unayasahau.

Aliyeueneza mgawanyo huo ni E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1927. Ukienda kwake mwenyewe utakuta kipimo ambacho sikumbuki kukikariri darasani: mhusika duara ni yule anayeweza kukushangaza, na mshangao wenyewe ukauamini. Asipokushangaza kamwe, ni bapa. Akikushangaza usimwamini, ni bapa anayejitia duara. Huyo wa mwisho ndiye aliyenichekesha, maana nilimtambua mara moja: ni kijana wetu anayeacha gitaa ghafla dakika ya 80, bila sababu, ili msichana apate cha kumrudishia dakika ya 95.

Wala bapa si tusi. Shaaban Robert alitupa ndugu watatu akawaita Adili, Hasidi na Mwivu, na sijawahi kumsikia msomaji akilalamika kwamba Hasidi hakukuzwa. Jina limeshamaliza kazi. Hadithi ya namna ile inataka watu wa namna ile, ili jicho lako liende kwenye funzo bila kujikwaa. Msichana mwenye nywele nzuri katika filamu yetu angeitwa Hasidi tangu dakika ya kwanza, nisingedai zaidi.

Hadithi ya mapenzi, hata hivyo, inadai niamini jambo moja gumu: kwamba kati ya watoto wote waliojaa korido ile, huyu alimwona huyu. Kiswahili kina swali lake kwa hilo, na ni swali la kiumbea kabisa, la watu wawili wanaonong'ona wakimwangalia wa tatu. Hawaulizi kama anampenda. Wanauliza amempendea nini.

Nililiuliza la msichana, nikaliuliza la kijana. Karatasi yangu ilibaki na nafasi kubwa nyeupe.

## Wigi

Mwaka 1986 ilitoka Marekani filamu iitwayo Pretty in Pink. Aliyeiandika ni John Hughes, aliyeiongoza ni Howard Deutch. Katika mwisho wa kwanza uliopigwa, Andie, msichana wa hadithi, anabaki na Duckie, rafiki yake wa siku zote, na Blane, mtoto wa kitajiri, anakosa. Walipoionyesha kwa watazamaji wa majaribio, watazamaji wakaukataa mwisho huo. Ikabidi waigizaji waitwe tena mwisho upigwe upya, safari hii Andie ampate Blane. Andrew McCarthy, aliyemwigiza Blane, alikuwa ameshanyoa nywele kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, kwa hiyo katika busu la mwisho amevaa wigi. Ukishaambiwa, huoni kingine.

Mpaka leo wako wanaoapa kwamba watazamaji wale walikosea. Mimi mwenyewe nimebadili kambi mara mbili.

Siku hizi ninapoliwaza wigi lile nawaona wale watu waliokaa gizani, wakatoka wamekasirika kwa niaba ya msichana ambaye hayupo duniani. Walikuwa na la kugombania. Andie anajishonea nguo zake, tena zingine za ajabu. Duckie ni kero na anajua ni kero. Blane ni mwoga, na woga wake unamwumiza mtu. Ukimwondoa mmoja ukamweka mwingine, kuna kitu kinachanika.

Sasa chukua filamu yetu. Mtoe kijana wa gitaa, umweke yule anayekaa nyuma yake darasani, ambaye hata sura yake sikuishika. Nani angelalamika?

Nilimuuliza mpwa wangu. Akafikiri kwa uzito wote.

"Pikipiki angebaki nayo nani?"

## Labda ni mimi

Huyo mpwa, hata hivyo, hakukubaliana nami. Nilidhani tuko upande mmoja kwa kuwa tulicheka pamoja. Nilipomsomea karatasi yangu alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Shangazi, unaisahihisha kama insha. Hiyo ni muvi ya kupumzisha kichwa."

Nikamwambia kichwa changu hakikupumzika.

"Basi mimi sikumwona mtupu. Yule kaka nilimjaza mwenyewe."

"Ulimjaza na nani?"

Shuka likapanda hadi machoni.

Nilirudi kwangu na jibu lile nikiwa nimepungua. Nilifikiria hata kuitupa makala hii. Maana alichokisema mtoto wa miaka 16 chini ya shuka ndicho alichokionyesha Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso uliotulia usio na habari, akauunganisha na bakuli la supu. Akauunganisha tena na jeneza. Kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, majonzi na tamaa. Uso ulikuwa ni uleule mmoja. Yaliyobaki walikuja nayo wao.

Kwa hiyo labda utupu ule umewekwa makusudi, kama kiti kilichoachwa wazi ili yeyote akae. Labda kijana mwenye sura kamili, mwenye viatu vyake mlangoni, angemziba yule ambaye mpwa wangu alitaka kumweka pale. Na labda mimi nimeshapita umri wa kukalia kiti hicho, nimebaki kukagua miguu yake.

Wazo hili lilinikaa zaidi ya wiki. Nililiheshimu. Bado naliheshimu.

Ila siku moja nikiwa naosha vyombo nikakumbuka kwamba Kuleshov hakutoa uso peke yake. Palikuwa na supu. Palikuwa na jeneza. Uso mtupu ulipewa kitu cha kutazama, kitu kizito chenye mvuke au chenye kifo, na kitu hicho ndicho kilichoujaza. Katika filamu yetu uso mtupu unautazama uso mtupu, kisha tunageuziwa upande, uso wa pili unautazama wa kwanza. Mpwa wangu ilibidi alete supu yake kutoka nyumbani.

## Saa tatu hadi saa sita

Kuna utetezi mwingine ambao watu wazima tunaupenda sana: kwamba kijana wa umri huo bado hajawa mtu kamili, basi unataka akuzwe nini? Na muda wenyewe ni mfupi, dakika 100, utamfahamu mtu lini?

Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14. Tangu akutane na Romeo hadi kaburini ni siku chache, kutoka Jumapili hadi Alhamisi. Lakini kabla hata hajasema neno la maana, yaya wake ameshatueleza umri wake kwa kuhesabu miaka 11 tangu lile tetemeko la ardhi, siku aliyoachishwa ziwa kwa kupakwa dawa chungu kwenye chuchu, na jinsi mtoto alivyokunja uso kwa hasira akaligombeza ziwa. Yaya anarudia hadithi yake, anakatazwa, anairudia. Ni porojo tupu, na baada ya porojo hiyo siwezi tena kulisahau jina la Juliet.

Kisha usiku wa kibaraza. Sote tunaukumbuka kwa maneno matamu ya kijana. Msichana ndiye anayesema mambo haya yamekwenda haraka mno, kama radi inayopiga na kuzimika kabla hujasema imepiga. Dakika chache baadaye yeye huyohuyo ndiye anayeleta habari ya ndoa na kupanga atamtuma mtu kesho. Anaogopa kasi, na anaongeza mwendo.

Ninachokipenda kuliko hata hicho kibaraza ni asubuhi yake. Amemtuma yaya saa tatu. Yaya aliahidi nusu saa. Sasa ni saa sita. Juliet anazihesabu saa hizo tatu kwa sauti, anawalaani wazee kwa uzito wao, na yaya anapofika hatimaye, anaanza kulalamikia mifupa, mgongo, kichwa, pumzi, kisha anauliza mama yako yuko wapi. Msichana anakaribia kupasuka. Kama uliwahi kuwa na miaka 13 au 16 na ukangoja jibu linaloletwa na mtu mzima asiye na haraka, unamjua huyo msichana kwa ndani.

Onyesho hilo zima ni la dakika chache tu, kama wimbo wa ufukweni.

## Daftari

Nilidhani hapo nimeshamaliza kesi. Halafu Jumapili moja nikiwa natafuta cheti ndani ya sanduku la zamani nikakuta daftari langu la miaka 16.

Nilikaa sakafuni. Kurasa 23 zinamhusu kijana mmoja, ambaye humo anaitwa "yeye", kila "yeye" imepigiwa mstari. Nilisoma kwa jicho langu jipya la hakimu, nikitafuta alikuwa mtu wa namna gani.

Hayumo.

Ana sweta la bluu. Ana mwendo fulani. Jumanne alisema samahani. Hayo tu. Na kwa ajili ya sweta hilo nilikuwa tayari kufa, nimeandika hivyo kwa herufi kubwa. Hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba nilijua anachokitaka, anachokiogopa, anachochekea. Nilikuwa nimempenda mhusika bapa, kurasa 23, na kama ningepewa wimbo ningeutia chini yake.

Nilifunga daftari nikiwa na aibu ya aina yake. Mwezi mzima nilikuwa naishutumu filamu kwa uongo, kumbe pengine ilisema ukweli ambao sikutaka kuukumbuka: kwamba umri ule hupendi mtu, unapenda sweta. Kwamba wale wawili ufukweni hawachekei kitu kwa sababu hata sisi hatukuwa tunachekea kitu.

Sikulirudisha sandukuni lakini. Usiku nililifungua tena, na safari hii nikamwacha "yeye", nikamsoma aliyeshika kalamu.

"Leo amenitazama. Au ametazama saa. Saa iko ukutani nyuma ya dawati langu. Kesho nitahamia dirishani, akitazama tena nitajua."

Siku iliyofuata:

"Nimehama. Ametazama kulekule. Ni saa."

Na chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, kwa hiyo ni baadaye, labda usiku:

"Au alikuwa ananitafuta pale nilipokaa jana."

Nilicheka hadi nikajifunika mdomo. Huyo mtoto! Anafanya jaribio la kisayansi, anahamisha dawati, anaandika matokeo, kisha anayakataa matokeo. Mwoga, mjanja, mbishi, hana aibu akiwa peke yake. Ukurasa wa 9 anajifunza kutembea taratibu mbele ya darasa lao na anajikwaa. Ukurasa wa 14 anamchukia rafiki yake kwa siku mbili nzima kwa kosa la kumsalimia "yeye" kwa urahisi, kama mtu anayemsalimia mtu. Kijana ni sweta, sawa. Lakini kijana ndiye supu, na uso unaomtazama unachemka.

Hapo ndipo nilipojua ningeweza kuisamehe nini filamu ile na nini siwezi. Kijana mtupu wa gitaa ningempokea hivyohivyo alivyo, na pikipiki yake, na bega lake ukutani. Pengine hivyo ndivyo anavyoonekana kwa msichana wa miaka 16, na filamu ingekuwa mwaminifu kumwonyesha hivyo. Lakini ningempata wapi wa kumwona hivyo? Upande wa pili wa korido nao hapakuwa na mtu wa kuhamisha dawati.

## Sekunde 11

Kisha nikakumbuka koti.

Liko dakika ya 12, na sikuwa nimeliandika kwenye karatasi yangu. Msichana amesimama nje ya mlango wa sherehe ambayo hakualikwa vizuri. Zipu ya koti imekwama katikati. Anaivuta, inagoma. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anainamisha kichwa, anaung'ata upindo wa koti kwa meno ili ukae imara, anavuta kwa mikono miwili. Imegoma. Anatoa pini ndani ya mfuko, anaibana kwa ndani, anapapasa kifua mara mbili kwa kiganja kuona kama inaonekana. Halafu anagonga mlango.

Hakuna wimbo. Ni pumzi zake tu na kelele za watu kwa mbali upande wa pili wa mlango. Nilihesabu: sekunde 11. Mlango unafunguka, mwanga unamwangukia, na filamu yenyewe inaendelea pasipo yeye.

Lakini kwa sekunde 11 alikuwepo. Mtu anayetembea na pini mfukoni amewahi kuaibika mahali. Zipu hiyo anaijua, si mara ya kwanza kumfanyia hivi. Na anagonga hata hivyo. Nilijikuta nikiuliza maswali ambayo sikuyauliza filamu nzima: anatoka wapi, nani alimwambia asije, ataingia akae upande gani ili pini isionekane? Mwigizaji yule anaweza kazi, nawaambieni. Alipewa zipu akaifanyia mambo. Kwingine kote alipewa upepo wa kumpeperusha nywele.

Nilimwandikia mpwa wangu ujumbe nikamwambia arudie dakika ya 12. Akajibu kwa kidole gumba. Nikajua ndio basi, amechoka na shangazi yake na muvi yake.

Usiku wa pili, saa tano, simu ikatetemeka.

"Shangazi, koti si lake."

"La nani?"

"Angalia mikono."

Nikawasha taa, nikaifungua filamu, nikaenda dakika ya 12, nikasimamisha alipokuwa ameng'ata upindo. Kweli. Mikono ya koti imekunjwa kwa ndani mara mbili. Mshono wa bega umeshuka chini ya bega. Na pale kitambaa kilipochakaa, pale ambapo kiwiko cha mtu kilisugua meza miaka kadhaa, si kwenye kiwiko chake. Ni chini zaidi, kwenye kigasha. Kiwiko kilikuwa cha mtu mrefu kuliko yeye.

Kuna mtu wa mavazi, ambaye jina lake lilipanda kwenye skrini wakati sisi tunagombania chaja, aliyeketi akafikiri hayo yote.

Nikamwandikia: "Ana dada mkubwa?"

Alama ya kuandika ikatokea, ikapotea, ikatokea.

"Filamu haijasema."

Halafu:

"Ila anaye."